Safari ya Siku Moja Kutoka Nakuru Kwenda Kununua Nyuzi Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila tunapopanga kwenda Nairobi kutafuta nyuzi za kufumia, wafumaji wa Nakuru na viunga vyake huuliza karibu mambo yale yale: washukie wapi, wabebe nini, wanunue kiasi gani. Nimeyakusanya maswali hayo hapa na kuyajibu kwa kadiri ya safari nilizozifanya mwenyewe, nyingine zenye faida na nyingine za majuto. Bei sikuziandika, kwa sababu hubadilika kabla wino haujakauka.

## Kabla ya kufunga safari

Kwa nini nisinunue nyuzi hapa hapa Nakuru?

Mara nyingi ndivyo unavyopaswa kufanya. Ikiwa unahitaji uzi wa kijani kibichi, wa samawati au wa maruni kwa sweta ya shule, au madonge mawili ya rangi ya maziwa kwa soksi za mtoto mchanga, maduka ya mjini Nakuru yanatosha, na nauli ya kwenda na kurudi Nairobi itaimeza akiba yoyote uliyotarajia.

Safari huwa na maana katika hali tatu. Ya kwanza ni pale unapotaka rangi nyingi zinazokaribiana, kwa mfano vivuli vitano vya kahawia kwa ajili ya blanketi moja. Ya pili ni pale unapotaka uzi mwembamba wa pamba kwa vitambaa vya makochi, ambao huku haupatikani kwa chaguo pana. Ya tatu, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, ni pale unapohitaji uzi mwingi wa rangi moja uliotoka katika pipa moja la rangi; jambo hilo limeelezwa katika swali kuhusu namba ya fungu.

Je, siku moja inatosha?

Inatosha, mradi uondoke mapema na usijipangie shughuli nyingine. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni takriban kilomita 160, na kwa kawaida safari huchukua saa tatu, ikizidi kidogo pale magari yanaposongamana. Ukipanda gari saa kumi na moja alfajiri, unafika maduka yanapofunguliwa, na unakuwa na kama saa sita za kuzunguka kabla ya kuanza kufikiria kurudi.

Saa sita zinaonekana nyingi mpaka uingie duka la kwanza. Mimi huhesabu maduka manne kwa siku kuwa mengi. Anayejaribu kupita kumi hurudi nyumbani na nyuzi za maduka mawili na maumivu ya miguu ya maduka kumi.

Siku gani ya juma inafaa zaidi?

Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Jumatatu wauzaji wengi wanapanga mizigo, na Ijumaa baadhi ya maduka hufungwa wakati wa swala ya mchana, jambo la kawaida katika eneo lililo hatua chache tu kutoka Msikiti wa Jamia. Jumamosi maduka kadhaa hufunga mapema, na Jumapili utakuta mengi yamefungwa kabisa.

Zingatia pia majira. Mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, wanaofuma sweta kwa mashine huwa wamemaliza rangi zote za sare, na wauzaji hawana muda wa kukushughulikia wewe unayetaka madonge matatu. Juni na Julai, baridi ya Nairobi inapokolea, kila mtu hukumbuka kwamba ana sindano nyumbani. Ukiweza, nenda Februari au Septemba, wakati muuzaji ana nafasi ya kupanda ngazi na kukushushia pakiti ya juu kabisa bila kukunja uso.

Nibebe nini?

Beba orodha iliyoandikwa kwenye karatasi: utafuma nini, kwa vipimo gani, kwa sindano ya namba gani, na ruwaza, yaani maelezo ya kufumia, inataka mita ngapi za uzi. Ikiwa unanunua uzi wa kumalizia kazi iliyokwisha kuanzwa, beba kazi yenyewe wala usitegemee picha ya simu, kwa maana simu huibadilisha rangi ya zambarau kuwa bluu bila hata kuomba radhi. Lebo ya donge la mwanzo, kama hukuitupa, ina thamani kuliko maelezo yoyote utakayoyatoa kwa mdomo.

Beba pia kiondo au mfuko mkubwa wa kitambaa. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya, na mifuko myepesi inayouzwa mahali pake hupasuka ikijazwa nyuzi, ambazo si nzito ila huchukua nafasi kubwa mno.

## Barabarani

Nipande gari gani, na nishukie wapi?

Magari ya vyama vya matatu yanayotoka Nakuru huanza safari kabla ya alfajiri na huondoka yanapojaa. Mengi hupita Gilgil, Naivasha na Limuru, yakaingia mjini kwa barabara ya Waiyaki, na kumalizia safari upande wa Nyamakima na River Road. Kabla ya kulipa, muulize makanga gari linaishia wapi, kwa kuwa si yote yanayoishia mahali pamoja.

Kutoka Nyamakima hadi Biashara Street ni mwendo wa miguu wa kama robo saa. Unavuka Tom Mboya Street, kisha Moi Avenue, na bustani ya Jeevanjee ikiwa upande wako wa kulia ujue umekaribia. Simu iweke mahali ambapo mkono wako mwenyewe unapata taabu kuifikia. Eneo hilo lina msongamano mkubwa, na anayesoma ramani huku akitembea hutambulika mara moja kuwa ni mgeni.

Je, kuna treni?

Hakuna inayofaa safari hii. Reli ya kisasa kutoka Nairobi inaishia upande wa Suswa na haifiki Nakuru, na treni ya reli ya zamani ya kuelekea Kisumu haikupangwa kwa ajili ya mtu anayekwenda asubuhi na kurudi jioni.

Nianze kurudi saa ngapi?

Uwe umeketi ndani ya gari kufikia saa tisa na nusu alasiri. Baada ya saa kumi, barabara kutoka Westlands kupita Kangemi hufungamana, na saa ambayo ungeitumia kuchagua uzi utaitumia kutazama mgongo wa lori. Kuna pia kazi ya upanuzi wa barabara kuanzia Rironi kuelekea Mau Summit, ambayo huongeza ucheleweshaji usiotabirika. Tena eneo la Kimende hadi Kinungi huingiwa na ukungu jioni, hasa katika miezi ya baridi, na sioni uzi wenye thamani ya kupita huko usiku.

## Ndani ya maduka

Nyuzi huuzwa wapi hasa?

Anzia Biashara Street. Mtaa huu, ambao zamani ukiitwa Bazaar Street, umekuwa mtaa wa vitambaa kwa vizazi vingi: maduka ya leso, vitenge, nguo za watoto wachanga, vifungo, zipu na nyuzi yamepangana bega kwa bega. Mengi ni ya familia, na mara nyingine anayekuhudumia alijifunza kazi akiwa ameketi juu ya kaunta hiyo hiyo akimsubiri baba yake afunge duka.

Usitarajie duka lenye viti na chai. Ni chumba chembamba, rafu zake zimefika darini, uzi umefungwa kwa pakiti za nailoni zilizorundikwa kwa rangi, na kijana mmoja yuko juu ya ngazi akiuliza, "Mama, ni hii ama ile ya chini?" Uzi unaoning'inia mlangoni ni ule wanaotaka uuzike upesi. Uzi mzuri mara nyingi uko nyuma, na hutaonyeshwa usipoulizia.

Anayenunua kwa wingi, hasa koni za mashine, yaani uzi uliozungushiwa koni kwa ajili ya mashine za kufumia, huelekea zaidi upande wa River Road na mitaa inayopakana nayo, ambako uuzaji wa jumla ndio msingi wa biashara. Soko la Gikomba lina swali lake mwishoni.

Je, ninunue katika duka la kwanza nikiona ninachotaka?

Kwa kawaida hapana. Tembea mtaa wote kwanza, uliza bei, andika rangi na unene, kisha urudi. Maduka mawili yanayotazamana yanaweza kuuza uzi wenye lebo moja kwa bei tofauti, na aliye karibu na kona yenye watu wengi huwa ghali zaidi.

Kuna hali moja inayoivunja kanuni hii: ukikuta rangi uliyoitafuta kwa muda mrefu na pakiti zilizobaki ni mbili, lipa. Nimewahi kujifanya mwerevu, nikazunguka nusu saa kutafuta nafuu ya shilingi chache, na niliporudi nikamkuta mama mmoja akizifunga pakiti zote mbili kwenye kiondo chake. Alinitazama kwa huruma, lakini hakuniuzia.

Namba ya fungu ni nini, na kwa nini kila mtu anaisisitiza?

Uzi hutiwa rangi kwa mafungu. Kila fungu linalotoka katika pipa moja la rangi hupewa namba, ambayo huchapishwa kwenye lebo kando ya namba ya rangi yenyewe. Madonge mawili yanaweza kuwa na jina moja la rangi na kiwanda kimoja, lakini yakiwa ya mafungu tofauti, tofauti ndogo isiyoonekana dukani hujitokeza wazi kazi ikishafumwa.

Niliwahi kumfumia mama yangu sweta ya rangi ya maziwa. Nilinunua madonge matano, nikaishiwa nikiwa katikati ya mkono wa pili, nikanunua la sita miezi miwili baadaye. Chini ya taa ya nyumbani halikuonyesha tofauti yoyote. Siku ya kwanza mama alipotoka nayo kwenda kanisani, mkono mmoja ulikuwa wa maziwa hadi kwenye kiwiko, na kutoka hapo ukawa wa maziwa yaliyotiwa majani ya chai.

Kwa hiyo soma lebo ya kila donge, moja baada ya jingine, hata kama yametolewa katika pakiti moja, kwa kuwa pakiti zilizofunguliwa huchanganywa. Donge moja la ziada ni rahisi kuliko nauli ya kulirudia, na hata ukiilipa nauli hiyo, huenda fungu lile likawa limekwisha.

Nitajuaje rangi halisi chini ya taa za duka?

Omba ruhusa ulipeleke donge mlangoni. Hakuna muuzaji wa Biashara Street ambaye hajazoea ombi hilo. Wengine hukutuma mlangoni kabla hujafungua kinywa. Simama mahali penye mwanga wa jua lakini si juani moja kwa moja, kisha uweke madonge unayotaka kuyafuma pamoja yakiwa yamegusana. Bluu ya bahari na nyeusi ndizo zinazodanganya zaidi.

Je, bei hujadiliwa?

Kwa donge moja moja, punguzo ni dogo au halipo. Kwa pakiti nzima, uliza bila aibu: "Nikichukua pakiti, itakuwa ngapi?" Bei ya pakiti huwa chini ya jumla ya madonge yake, na ukichukua pakiti tatu au nne unaweza kuomba bei ya jumla hata kama huna duka. Hapa ndipo kusafiri kwa kikundi kunapolipa. Watu wanne wanaogawana pakiti za rangi nyeupe, nyeusi, kijivu na maziwa hupata bei ambayo mmoja peke yake hangeipata. Kubalianeni mapema nani anachukua nini, kwa kuwa kugawana nyuzi juu ya kaunta wakati foleni inasubiri kumewahi kuvunja urafiki wa miaka.

Nilipe kwa njia gani?

M-PESA inakubaliwa karibu kila mahali, kwa namba ya malipo iliyobandikwa kaunta. Kabla ya kuingiza namba yako ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu na ulilinganishe na lile lililoandikwa dukani. Beba pesa taslimu kidogo kwa ajili ya nauli na chakula, na omba risiti iliyoandikwa idadi na namba ya rangi, kwa sababu itakufaa endapo utalazimika kubadilisha uzi.

## Kuujua uzi

Muuzaji anasema ni sufu. Ni kweli?

Pengine si kweli, ingawa hana nia ya kukudanganya. Katika lugha ya madukani, uzi wowote mnene wa kufumia huitwa sufu, hata ule ambao haujawahi kumkaribia kondoo. Sehemu kubwa ya unachokiona kwenye rafu ni akriliki, yaani uzi wa kiwandani utokanao na mafuta ya petroli. Kuna pia pamba, na mchanganyiko wa akriliki na sufu kidogo. Akriliki si uzi mbaya. Hufuliwa bila taabu, haichomi ngozi ya mtoto, ni nafuu, na ndiyo inayozivalisha shule za nchi hii. Nyingine hutengenezwa humu humu nchini, na kiwanda cha Ken Knit cha Eldoret kinajulikana kwa kazi hiyo.

Ukitaka uhakika, omba kipande cha uzi chenye urefu wa kidole, ukakichome ukiwa nje au nyumbani, kamwe si ndani ya duka lililojaa nyuzi. Sufu halisi hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika kati ya vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Pamba hunuka kama karatasi na huacha jivu jepesi la kijivu.

Na hapa kuna jambo linalonichekesha kila mara: anayetafuta sufu halisi ya kondoo huenda anaipa mgongo akielekea Nairobi. Kenana Knitters, wanaojulikana kwa wanyama wa kuchezea waliofumwa kwa sufu iliyosokotwa kwa mkono, wako Njoro, safari fupi tu kutoka Nakuru. Nanyuki nako kuna kikundi cha wanawake cha Spinners and Weavers, kinachosokota na kufuma sufu tangu miaka ya 1970.

Nipime unene wa uzi vipi?

Usitegemee macho peke yake. Fungua ncha ya uzi na uhesabu nyuzi ndogo zilizosokotwa pamoja, lakini ujue kwamba hesabu hiyo haitoshi, kwa maana nyuzi nne nyembamba zinaweza kuwa nyembamba kuliko mbili nene. Njia ninayoiamini ni kuuzungusha uzi kwenye penseli au rula, mizunguko ikiwa imegusana bila kubanana, na kuhesabu mizunguko katika sentimita mbili na nusu. Fanya hivyo nyumbani kwa uzi uliokwisha kuupenda, uandike idadi, kisha ulinganishe dukani.

Sugua uzi kati ya vidole mara ishirini. Ukianza kutoa vinyweleo hapo hapo, sweta yake itajaa vidonge vya manyoya kabla ya muhula kwisha.

Ninunue kiasi gani?

Hesabu kwa mita, si kwa gramu. Chukua sweta ya mwanamke wa umbo la kati inayohitaji kama mita 1,200 za uzi wa unene wa kawaida. Donge la gramu 100 la uzi mmoja linaweza kuwa na mita 200, na la uzi mwingine mwepesi mita 280. Wa kwanza utahitaji madonge 6, na wa pili 5. Anayehesabu gramu peke yake atakosea ama kwa kununua zaidi au, vibaya zaidi, kwa kupungukiwa.

Pale ambapo huna ruwaza yenye hesabu, haya ndiyo makadirio ninayoyatumia kwa uzi wa unene wa kawaida wa akriliki: boshori ya mtu mzima hutumia gramu 70 hadi 100, sweta ya mtoto mchanga kama gramu 150, blanketi dogo la mtoto kama gramu 400, sweta ya mwanamume gramu 600 au zaidi. Mishono ya kusokotana, ile inayofanana na kamba, hula uzi mwingi. Ongeza kama robo. Kisha, juu ya yote hayo, ongeza donge moja, kwa sababu iliyoelezwa katika swali kuhusu namba ya fungu.

Uzi wa vitambaa vya makochi ni upi?

Ni uzi mwembamba wa pamba, uliosokotwa kwa kubana na mara nyingi wenye kung'aa. Huuzwa kwa namba, na hapa wengi huchanganyikiwa: namba inavyopanda, uzi unakuwa mwembamba zaidi. Namba 10 ni mnene na kazi yake huenda haraka. Namba 20 ni wa wastani. Namba 40 ni wa mtu mwenye macho mazuri na subira ya kobe. Kwa vitambaa vitakavyokalishwa kwenye kochi linalotumiwa kila siku na watoto, chukua namba 10.

Weupe nao una aina zake. Kuna weupe wa theluji na kuna weupe wa maziwa, na seti ya vitambaa vya viti saba vya sebuleni haisamehe kuchanganywa.

Kwa nini sindano niliyonunua kwa namba sahihi inatoa kazi isiyo sahihi?

Kwa sababu kuna namba za Uingereza na kuna namba za Marekani, na zote mbili ziko kwenye maduka yetu. Sindano nyingi za zamani nchini Kenya zimechongwa namba za Kiingereza, ambazo hushuka kadiri sindano inavyonenepa: namba 8 ni milimita 4, na namba 10 ni milimita 3.25. Kwa Wamarekani namba hupanda pamoja na unene, na namba 8 yao ni milimita 5. Aliyesoma ruwaza ya Kimarekani akanunua sindano namba 8 ya Kiingereza atapata sweta ya binti badala ya mama.

Dawa ni kusahau namba zote na kuulizia milimita. Ikiwa sindano haina milimita zilizoandikwa, muuzaji mzuri ana kipimo chenye matundu. Asipokuwa nacho, nunua kimoja, kwani ni kitu cha bei ndogo kitakachokutumikia maisha yote. Sindano za mviringo zilizounganishwa kwa waya zikague kwenye kiungo, ukipitisha ukucha pale chuma kinapokutana na waya. Ukucha ukikwama, uzi nao utakwama, na hutaigundua kasoro hiyo mpaka uwe umefika Gilgil.

## Mambo yasiyotokea kila siku

Nimeishiwa uzi baada ya kurudi. Je, lazima nisafiri tena?

Si lazima, ikiwa ulichukua namba ya simu ya duka na kutunza lebo. Piga simu, soma namba ya rangi na namba ya fungu, omba utumiwe picha ya lebo, si ya uzi, kisha ulipe. Muuzaji anaweza kuukabidhi mzigo kwa ofisi ya vifurushi ya chama cha matatu ya Nakuru, na ukaupokea stejini jioni hiyo hiyo. Kwa uzi uliokwisha kuushika kwa mkono wako, njia hii ni bora kuliko kusafiri. Kwa uzi usiowahi kuuona, siipendekezi.

Je, ninaweza kutumia koni za mashine kwa kufuma kwa mkono?

Unaweza, na gharama yake kwa kila kilo huwa chini. Uzi wa koni ni mwembamba, hivyo utashika nyuzi mbili au tatu kwa pamoja. Mwingine hupakwa mafuta au nta ili upite vizuri kwenye mashine, na kwa hiyo kazi huonekana ngumu na yenye harufu mpaka ifuliwe kwa maji ya vuguvugu. Fuma kipande kidogo, ukifue, ndipo uamue.

Vipi kuhusu kununua sweta za mitumba na kuzifumua?

Ni njia nzuri na ya zamani, na Gikomba ndiko kwenye chaguo kubwa, ingawa kukupitia siku hiyo hiyo pamoja na Biashara Street ni kujitesa. Angalia mishono ya pembeni ndani ya sweta. Ikiwa kingo zimefumwa zikakamilika na kushonwa pamoja kwa uzi, sweta itafumuka kwa uzi mrefu mmoja. Ikiwa kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa mshono wa mashine, kila mstari utakatika na utabaki na rundo la vipande vya urefu wa mkono. Epuka pia sweta ya sufu iliyosinyaa kwa kufuliwa na maji ya moto, maana nyuzi zake zimeshikana kama kitambaa na hazitaachiana.

Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, uufunge mahali pane kwa uzi wa rangi nyingine, uuloweshe, kisha uutundike ukauke ukiwa umening'inizwa kitu kizito kidogo.

Je, uzi unaouzwa kwa ajili ya kusuka nywele unafaa kufumia?

Kwa kofia, mikoba na mapambo unafaa, na rangi zake ni kali na za kuvutia. Kwa nguo ya mtoto siushauri, kwa kuwa aina nyingine huchuja rangi. Loweka kipande katika maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe usiku kucha, na asubuhi utakuwa na jibu lako.

Duka litakubali kurudishiwa uzi?

Kurudishiwa pesa ni nadra. Kubadilishiwa kunawezekana ikiwa pakiti haijafunguliwa, lebo ipo na risiti unayo, na mara nyingi kwa siku chache tu. Kwa anayetoka Nakuru, haki hiyo haina manufaa makubwa, kwa hiyo kagua kabla ya kuondoka kaunta. Niliwahi kununua madonge yaliyoandikwa gramu 100, na mizani yangu ya jikoni ikayasoma 85 kila moja. Duka lilikuwa umbali wa kilomita 160. Tangu siku hiyo huomba yapimwe mbele yangu, na ambaye hana mizani humwambia nitarudi.

Niende na mtoto?

Mtoto anayebebwa mgongoni, ndiyo, ukiweza kuvumilia. Mtoto anayetembea, hapana. Maduka ni membamba, ngazi zinasogezwa kila wakati, na mtoto wa miaka mitatu anayevuta ncha ya donge lililo chini ya rundo anaweza kuangusha rafu nzima.

Nikifika nyumbani, nifanye nini kwanza na nyuzi?

Zitoe kwenye pakiti usiku huo huo, hata kama umechoka, na uzilinganishe na orodha na risiti wakati kumbukumbu bado ni mbichi. Fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10 cha kila uzi, ukifue na ukikaushe kabla ya kuanza kazi kubwa. Sufu halisi ihifadhi katika mfuko wa kitambaa uliofungwa vizuri dhidi ya nondo. Akriliki haina adui huyo.

Lebo moja ya kila rangi ichomekwe ndani ya donge la ziada, na donge hilo liwekwe chini kabisa ya kikapu, lisiguswe mpaka mkono wa pili wa sweta ukamilike.